Uzi wa Tumbo Moja

Kiswahili kina namna yake ya kuhesabu udugu, na hesabu hiyo imenishughulisha kwa muda wa mwaka mzima sasa. Dada wa baba tunamwita shangazi, jina la peke yake, lisilokopa kitu kwa baba wala kwa mama. Dada wa mama tunamwita mama: ni mama mkubwa akiwa alimtangulia mama yako kuzaliwa, na mama mdogo akiwa alimfuata. Kaka wa mama ni mjomba. Na tunapotaka kusema kwamba watu wawili ni ndugu wa karibu kabisa, wasio na mwingine katikati yao, twasema ni ndugu wa tumbo moja.

Mwilini mwa mwanadamu mna kitu kinachofuata hesabu hiyohiyo. Ni DNA ya mitokondria. Mimi ninayo aliyonipa mama yangu. Mama mdogo anayo hiyohiyo, labda ipishane na yangu kwa herufi moja iliyobadilika njiani. Shangazi yangu hana. Yeye anayo ya mama yake. Mjomba anayo kama sisi, lakini wanawe wamechukua ya mke wake. Huku kwetu Usukumani, ambako watoto wa ndoa iliyotolewa mahari ya ng'ombe huhesabiwa kwa baba, habari hiyo huwashangaza wazee, tena wengine huwaudhi.

Ninayotaka kuyaeleza leo, hata hivyo, yanahusu zaidi wale wanaoitunza na kuigawa DNA hiyo. Urithi huu haujitunzi wenyewe. Nililazimika kujifunza habari zake kwa sababu ya miguu ya mama mdogo, na kwa sababu nilipotafuta maneno ya Kiswahili ya kumweleza yaliyompata sikuyakuta tayari, ikanibidi niyashone.

Niianze na jina. Mitokondria ni neno la Kiyunani lililoundwa mwaka 1898 na Mjerumani Carl Benda, kwa kuunganisha maneno mawili: uzi na punje. Alivitazama kwa hadubini vitu vidogo ndani ya seli, akaona vingine vimenyooka kama nyuzi na vingine vimekaa kama punje, akaona avipe majina yote mawili kwa pamoja. Mtu aliyezaliwa Mhunze hahitaji kamusi ya Kiyunani kulielewa jina hilo. Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, na Kishapu ni nchi ya pamba. Nyuzi na mbegu tumezishika pamoja tangu utoto, katika tumba moja, vidole vikichomwa na maganda makavu. Ukiniuliza mitokondria ni nini, nitakujibu kwamba ni tumba la pamba lililo hai ndani ya seli, ambamo chakula tulichokula na hewa tuliyovuta hukutana, ikapatikana nguvu ya kuinua mkono, ya kufikiri na ya kupiga moyo.

Ndani ya tumba hilo mna uzi hasa. Wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waliusoma wote mwaka 1981 wakahesabu herufi zake: ni jozi 16,569. Huo ni uzi mfupi mno ukilinganishwa na ule wa kiini cha seli, wenye mabilioni ya herufi. Tena umefungwa duara kama pete. Hauna mwanzo wala mwisho. Umebeba jeni 37 tu, na kati ya hizo 13 ndizo zinazotoa protini, zote zikiwa vipuri vya mitambo ya kuzalisha nguvu. Seli moja ina nakala mamia, pengine maelfu, za pete hiyo. Yai la mwanamke linazo zaidi ya laki moja.

Sasa, uzi wa pete hiyo ukinyooshwa una urefu wa maikromita tano hivi, na chumba unamokaa ni chembamba kuliko hivyo mara nyingi. Lazima ukunjwe. Kazi hiyo ni ya protini iitwayo TFAM. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalionyesha umbo lake linapokuwa limeshika uzi: huupinda ukageuka kurudi ulikotoka, kama mtu anayepinda kijiti kibichi mpaka ncha zake zitazamane. Protini nyingi za namna hiyo zikijipanga juu ya pete moja, zikaipinda hapa na pale, pete hugeuka kuwa kifundo kidogo kilichoshikamana. Wenye mazoea ya kinu cha kuchambulia pamba wameshaona jambo linalofanana nalo: pamba iliyojaza ghala ikishindiliwa, inatoka robota lililofungwa ambalo mtu anaweza kulihesabu na kulipakia. Ila robota la pamba likishafungwa halisomeki tena. Hili la TFAM hulegezwa na kukazwa. Likikazwa sana, jeni zake hazisomwi. Likilegea sana, uzi hauna wa kuulinda. TFAM ikipungua, idadi ya pete hupungua nayo. Kutunza, kumbe, ni kazi ya kila saa.

Protini hiyohiyo inaelekea kuwa na sehemu katika siri ya tumbo moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulitazama mbegu za kiume za binadamu ukakuta kwamba mitokondria zake, zinazoisukuma mbegu katika safari yake, hazina DNA kamili. TFAM nayo haimo. Wakati mbegu inapopevuka, protini hiyo hubadilishwa alama yake ya safari, ikaelekezwa kwenye kiini cha seli badala ya kuingia katika mitokondria. Mtunzaji amehamishwa kituo cha kazi, na ghala alilokuwa akilitunza limebaki tupu. Baba hufika akiwa na nguvu za kuogelea, lakini hana pete ya kurithisha.

Kunakili pete ni kazi ya mafundi wengine. Yupo mmoja wa kuifumua, kutenganisha nyuzi mbili zilizosokotana. Yupo wa kuushika uzi uliofumuliwa usijirudi wala kujinasa. Yupo mnakili mwenyewe, jina lake polimerasi gama, anayepita juu ya uzi ulio wazi na kuchagua herufi zinazolingana, akizitunga moja baada ya nyingine kama shanga. Huyo wa kufumua wataalamu walimpa jina la Twinkle mwaka 2001. Ni ufupisho wa maelezo marefu ya kitaalamu, lakini waliupenda pia kwa sababu, walipoitia protini hiyo rangi ing'aayo na kuitazama katika seli, waliviona vifundo vimetawanyika vikimetameta kama nyota. Nilifurahi kujua kwamba maabara nazo zina washairi. Nikajaribu kumtafutia fundi huyo jina la Kiswahili kutokana na kitenzi kumeta, nikaona nimwite Kimeta. Mara nikakumbuka kwamba kimeta ni ugonjwa unaoua ng'ombe, na hakuna Msukuma atakayekubali kuambiwa kwamba ana kimeta katika kila seli. Nimemwita Mfumuaji. Jina halina nyota ndani yake, lakini halitamtia mtu hofu.

Kuna jambo ambalo wapenda mama kama mimi huwa hatulitarajii. TFAM haikuandikwa katika pete. Polimerasi gama haikuandikwa humo, wala Mfumuaji. Jeni zao zimo katika uzi mkubwa wa kiini, ule ambao nusu yake umetoka kwa baba na nusu kwa mama. Mitokondria inahitaji protini zaidi ya elfu moja, na pete yenyewe inatoa 13 tu. Nyingine zote hutengenezwa nje, katika ujiuji wa seli, zikapita mlangoni kwa alama maalumu. Hivyo urithi wa mama hutunzwa na watumishi walioajiriwa na pande zote mbili. Wazee niliowataja hapo juu walipolisikia hili walitulia kidogo.

Wasomaji wa ukurasa huu watavumilia nikienda pwani kwa muda, kwa kuwa jambo hili la pete ya mama linagusa lugha yetu yenyewe. Mwaka huohuo wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya Waswahili, miongoni mwayo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni mwanaakiolojia wa Kenya, Chapurukha Kusimba, aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Mifupa ya zamani katika joto letu huharibika upesi, na pete za mitokondria, kwa wingi wa nakala zake, mara nyingi hubaki zikisomeka pale ambapo uzi wa kiini umekatikakatika. Walichokuta ni kwamba watu wengi wa miji ile walikuwa na asili mbili, ya Afrika na ya Asia, zilizoanza kuchanganyika mnamo mwaka 1000. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake, na pete zao ndizo zinazotoa ushahidi huo.

Tumezoea kubishana kuhusu masimulizi ya Washirazi, huyu akisema ni kweli tupu na yule akisema ni uongo mtupu. Mimi nimevutwa na jambo jingine. Wanaume wale walileta maneno, na Kiajemi kimo katika Kiswahili mpaka leo, lakini ngeli hawakuzileta. Mtoto aliyezaliwa Kilwa alijifunza kusema mtu na watu, kiti na viti, kwa mama aliyekwishayajua kwa mama yake. Sisemi kwamba lugha imo katika DNA. Mtu akisema hivyo mkimbieni. Nasema kwamba vitu viwili tofauti vilipita katika mlango mmoja kwa karne nyingi, na mlango huo ni mama. Ndivyo nijuavyo pia kuhusu utendi alioutunga Mwana Kupona wa Pate mnamo mwaka 1858: aliutunga kwa ajili ya binti yake, na ukaendelea kunakiliwa baada yake. Kazi ya mnakili haisifiwi kama ya mtunzi, ingawa bila yeye hakuna kitakachofika.

Na mnakili akidanganywa?

Hapo ndipo nirudi Mhunze. Mume wa mama mdogo alifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, kama wanaume wengi wa vijiji vyetu mvua zinapokataa na pamba ikakosa bei. Alirudi nyumbani mgonjwa, akafariki mwaka 2005. Mwaka uliofuata mama mdogo akapimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaanzishiwa dawa. Serikali ilikuwa imeanza kuzitoa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo, kwa watu wa hali yetu, majibu ya namna ile yalimaanisha kuagana. Yeye alipewa kidonge cha kumeza asubuhi na jioni, chenye dawa tatu ndani yake: stavudini, lamivudini na nevirapini. Katika miezi mitatu alikuwa amesimama. Katika sita alikuwa shambani na jembe lake.

Kisha miguu ikaanza. Kwanza nyayo zilikufa ganzi, akawa anatoka kandambili bila kujua. Baadaye zikawa zinawaka. Alisema ni kama kutembea juu ya majivu yenye makaa, na usiku alikuwa akiitia miguu katika karai la maji ili apate usingizi. Mashavu yake yalibonyea pia, mpaka watu waliokuwa hawajui habari zake wakazijua kwa kumtazama uso. Jirani mmoja alimwambia amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Alikipeleka kiasi fulani cha fedha za pamba kwa mganga, akachanjwa nyayo. Alipokwenda kuuliza mahali alikokuwa akichukulia dawa, alijibiwa kwamba hayo ni maudhi madogomadogo, avumilie.

Maudhi madogomadogo. Maneno hayo hutumiwa nchi nzima kwa kila dawa, na aliyeyabuni alikuwa na nia njema ya kututoa hofu. Lakini maudhi ni ya mtoto anayelia wakati wa hotuba, au ya nzi. Mtu ambaye hawezi kukanyaga sakafu ya nyumba yake akiambiwa kwamba ameudhika kidogo, atahitimisha mambo mawili: kwamba anayemhudumia hamsadiki, au kwamba ugonjwa wa miguu ni jambo jingine lisilohusu dawa wala hospitali. Mama mdogo alihitimisha la pili. Na wakati fulani, mwaka 2008, alihitimisha la kwanza pia, akakaa siku tisa bila kumeza kitu. Binti yake mkubwa ndiye aliyegundua kwa kuhesabu vidonge.

Yaliyokuwa yakitokea yanaelezeka kwa lugha yetu, na nitayaeleza. Stavudini ni bandia ya mojawapo ya herufi nne za DNA, ile iitwayo T. Ifikirie kama ushanga unaofanana na halisi kwa rangi na ukubwa, ila tundu lake limezibwa upande mmoja: unaweza kuuingiza katika uzi, lakini baada yake hauingii mwingine. Kirusi cha UKIMWI, kikiwa kinajinakili, hudanganyika na ushanga huo; kinautunga, na kazi yake inakomea hapo. Huo ndio uzima alioupata mama mdogo. Wanakili wa kiini cha seli zetu wana macho makali, kwa sehemu kubwa wanaukataa. Polimerasi gama haukatai vya kutosha. Anayo sehemu ya kusahihisha makosa yake, na kwa makosa ya kawaida ni msahihishaji hodari, lakini ushanga huu akishautunga anachelewa sana kuuondoa. Pete inabaki haijakamilika. Nakala zinapungua wiki kwa wiki, mitambo ya nguvu inakosa vipuri, na seli zinazotegemea sana mitambo hiyo zinaanza kuumia. Seli za mafuta ya mashavuni ni miongoni mwake. Kwa wagonjwa wachache asidi ilijaa katika damu, na hao wengine walikufa.

Virusi vyenyewe huweza kuumiza mishipa ya fahamu, kwa hiyo si kila ganzi ya mguu ilitoka katika kidonge. Lakini ushahidi dhidi ya stavudini ulikusanyika nchi kwa nchi, na mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe. Mama mdogo alibadilishiwa mwaka 2011, akapewa mseto wenye tenofoviri. Siku hizi humeza kidonge kimoja kwa siku. Sina ugomvi na stavudini. Ilikuwa rahisi, haikudai vipimo vya damu ambavyo vituo vyetu havikuwa navyo, nami nimewajua kwa majina watu walio hai leo kwa sababu yake. Ugomvi wangu ni na ukimya uliokuja pamoja nayo.

Swali lililombana mama mdogo kuliko yote lilikuwa jepesi: kwa nini miguu? Ikiwa dawa inapita katika damu ya mwili mzima, kwa nini moto uwake nyayoni, usiwake tumboni au kichwani? Nilichukua muda mrefu kupata jibu, na ni jibu linalohusu ugawaji. Seli ya neva inayotuletea habari za unyayo haikai mguuni. Mwili wake uko karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno, na kutoka hapo hunyoosha uzi mmoja mwembamba hadi kidoleni, karibu mita nzima. Mitokondria nyingi hutengenezewa mahitaji yao huko juu, kisha husafirishwa. Zipo protini ziitwazo kinesini ambazo hutembea kwa miguu miwili juu ya reli za ndani ya seli, zikiwa zimebeba mitokondria mgongoni. Ipo nyingine, Miro, ambayo hukaa juu ya ngozi ya mitokondria na kumpa mchukuzi mahali pa kushikia. Kalisiamu ikiongezeka mahali, Miro huitambua na mzigo husimama, kwa kuwa hapo ndipo nguvu inapohitajika. Safari ya kutoka kiunoni hadi nyayoni huweza kuchukua siku nyingi. Yeyote anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi anaelewa yanayofuata: bohari ikipungukiwa, kijiji cha mwisho ndicho kinachokosa kwanza. Nyayo ni kijiji cha mwisho.

Ugawaji unafanyika hata katika umbali mdogo zaidi. Mitokondria huungana na kutengana mchana kutwa. Protini ziitwazo mitofusini huzishonanisha, zenye upungufu zikachangiwa na zenye ziada. Binadamu wanaozaliwa na kasoro katika mitofusini ya pili hupata ugonjwa wa neva unaoanzia miguuni, jambo lililonithibitishia kwamba mama mdogo hakuuliza swali la kijinga. Na mitokondria inapotaka kugawanyika, haikatwi popote. Mwaka 2016 watafiti wa California walionyesha kwamba utando mwingine wa seli, retikulamu, huigusa mitokondria mahali palepale ambapo pete inanakiliwa, na mara nyingi mkato hufuata karibu na hapo, kila upande ukiondoka na kifundo chake. Kunakili kwafuatana na kugawa. Nililiwaza jambo hilo siku nzima nikiwa njiani kwenda Shinyanga mjini, nikaona kwamba wagawaji wa urithi katika koo zetu wangefaidika kulijua.

Kumweleza mama mdogo haya yote ilikuwa kazi nyingine. Sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza nchini mwetu. Mabinti zake waliosoma wanalijua neno mitokondria, wanajua hata kulichora, lakini walipojaribu kumwambia mama yao walikwama katika sentensi ya pili na kucheka kwa aibu. Mimi nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na kutunga mashairi kwa miaka mingi zaidi, nikaona nianze kwa ubeti, kwa sababu mama mdogo hukumbuka kinachoimbika:

Uzi wa mama ni pete, hauna pa kukatiwa,
Mafundi waukamate, usije kufumuliwa,
Kila chumba kiupate, kisiachwe kupimiwa,
Ya bandia isipite, mlangoni kupokewa.

Mstari wa pili una kasoro, kwa sababu Mfumuaji ni fundi mwema na kufumua ni sehemu ya kunakili, vina vilinibana. Mama mdogo hakujali. Aliushika ubeti kwa kuusikia mara mbili, kisha akanitaka niufafanue mstari kwa mstari, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake, miguu yake ndani ya soksi nene ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwonyesha kwa uzi wa pamba na shanga za mjukuu. Nilimzibia ushanga mmoja kwa nta ya mshumaa, nikampa autunge, kisha atunge mwingine baada yake. Alijaribu, akashindwa, akaugeuzageuza ushanga ule kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo sikukanyaga kitu," alisema.

"Hapana, mayu. Hukukanyaga."

Akatoa machozi kidogo, akayafuta kwa kanga. Miaka kumi na sita alikuwa amemshuku mtu mmoja jirani yake, mwanamke ambaye ameshafariki, na alimtaja jina hapo.

Kisha akauliza kama ameurithisha uzi uliokatika kwa wanawe. Nilimjibu kwamba mabinti zake wote walizaliwa kabla hajameza kidonge cha kwanza, na kwamba dawa ilipunguza nakala katika neva na mashavu yake bila kubadili yaliyoandikwa katika zile alizokwisha wapa. Walipokea pete nzima. Akaridhika na hilo, akataka kujua yangu inakwenda wapi. Mama yangu, dada yake, alizaa wavulana watatu, wala hakuzaa binti. Naye amelala makaburini tangu mwaka 1999. Nikamwambia pete tuliyopewa sisi watatu inaishia kwetu. Watoto wetu wanazo za mama zao.

"Kwa hiyo ya dada inakwisha?"

Nikamwambia haiishi, kwa sababu yeye anayo, na mabinti zake wanayo. Pete ya mama yangu ni pete ya mama yao, na ya mama wa mama yao. Alinitazama kwa muda. Halafu akamwita mjukuu wake wa kike, aliyekuwa darasa la tano, mtoto wa binti yake mkubwa, aje asikilize, kwa sababu, alisema, huyu ndiye atakayeibeba. Mtoto alikuja akiwa na ndoo mkononi, akauliza abebe nini.